Uzi wa Pamba Uliofika Mbali

Katika karne ya kumi na tisa palikuwa na nguo moja iliyojulikana kote katika pwani ya Afrika Mashariki, na mbali sana ndani ya bara. Ilikuwa nguo ya pamba, ngumu, isiyotiwa rangi wala kupaushwa, na watu waliiita merikani. Jina lake lilitaja asili yake. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, walianza kufika Unguja katika miaka ya 1820, na mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Merikebu zao zilileta majora ya nguo, zikarudi kwao na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Merikani haikuwa vazi tu. Katika safari za bara ilifanya kazi ya fedha. Mpagazi alilipwa ujira wake kwa merikani. Chakula kilinunuliwa njiani kwa merikani. Na hongo ambayo mtemi aliutoza msafara uliopita katika nchi yake ilihesabiwa kwa doti na shuka. Kwa nguo hiyo hiyo zilinunuliwa pembe na, kwa msiba mkubwa wa nchi hizi, walinunuliwa watu pia.

Sasa na tuufuate uzi wa nguo hiyo kurudi nyuma. Pamba yake haikuota Massachusetts, maana baridi ya huko ni kali mno. Ilitoka katika majimbo ya kusini ya Marekani, kama vile South Carolina, Alabama na Mississippi. Nayo ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa ambao wazee wao walichukuliwa kutoka Afrika. Basi jasho la mtumwa wa Mississippi lilivuka bahari likiwa nguo, na nguo hiyo ikaweza kumnunua mtumwa mwingine katika bara la mababu zake. Watu hao wawili hawakuonana wala kusikiana, lakini walifungwa kwa uzi mmoja.

Historia ina mambo mengi ya namna hii. Nchi zilizo mbalimbali huunganishwa na biashara, na madeni, na hofu za watawala, hata jambo likitokea upande mmoja, upande wa pili hutikisika. Pengine baada ya miaka mingi, na pengine kwa njia ambayo hapana aliyeitazamia. Mfano mmoja ulio wazi ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa Marekani tangu mwaka 1861 hadi 1865. Tukivifuata vita hivyo kwa uzi wa pamba, tutafika Uingereza, India, Misri na Unguja, na mwisho wake tutajikuta Kisumu.

Kwanza yatupasa kujua hali ilivyokuwa mwaka 1860. Katika mwaka huo watumwa wa Marekani walikaribia kutimia milioni nne, na wengi wao walifanya kazi katika mashamba ya pamba. Sehemu kubwa ya pamba hiyo ilipelekwa Liverpool, na kutoka huko ikaingia katika viwanda vya jimbo la Lancashire, ambalo mji wake mashuhuri wa biashara ya pamba ulikuwa Manchester. Zaidi ya robo tatu ya pamba iliyosokotwa katika viwanda vya Uingereza ilitoka Marekani. Viwanda hivyo vililisha mamia ya maelfu ya wafanyakazi na jamaa zao. Kwa hiyo chakula cha mtoto wa mfumaji wa Lancashire kilitegemea kazi ya mtumwa wa Alabama, ijapokuwa mtoto huyo hakulijua hata jina la Alabama.

Tarehe 12 Aprili 1861, mizinga ililia katika bandari ya Charleston. Majimbo ya kusini yalikuwa yamejitenga na serikali, kwa kuogopa kwamba utumwa ungezuiwa usienee na mwishowe ukomeshwe, na majeshi yao yakaishambulia ngome ya Fort Sumter. Rais Abraham Lincoln aliamuru manowari zizuie bandari zote za kusini, pamba isitoke na silaha zisiingie. Viongozi wa kusini hawakuogopa sana mwanzoni. Waliona ya kuwa Uingereza haiwezi kuishi bila ya pamba yao, na kwamba itashurutika kuja kuwasaidia. Hata wenye mashamba wengi, katika mwaka wa kwanza wa vita, waliizuia pamba yao wenyewe ili kuiharakisha njaa ya viwanda vya Uingereza.

Hesabu yao ilikuwa na kweli ndani yake, lakini haikuwa kamili. Walijua ya kuwa wakivuta uzi kwao, Lancashire itatikisika. Hawakufikiri vya kutosha kwamba uzi ukikatika upande mmoja, mfumaji hutafuta uzi mwingine.

Lancashire haikuona njaa mara moja. Mavuno ya miaka ya nyuma yalikuwa makubwa, na maghala yalijaa pamba. Taabu yenyewe ilifika mwaka 1862, wakati akiba ilipokwisha. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kimoja, na vingine vikafanya kazi siku chache tu katika juma. Kufikia mwisho wa mwaka ule, karibu watu 500,000 walikuwa wakiishi kwa msaada. Watu waliozoea kula kwa kazi ya mikono yao walipanga foleni kupokea mkate na supu. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapa nyasi ziliumia hata katika nchi ambayo tembo wale hawakukanyaga.

Na hapo lilitokea jambo linalostahili kukumbukwa. Ilikuwa rahisi kwa wafanyakazi wale wenye njaa kuitaka serikali yao ivunje kizuizi cha bandari na kuwaletea pamba. Wako waliotaka hivyo. Lakini tarehe 31 Desemba 1862, wafanyakazi wengi walikutana mjini Manchester, wakaandika barua kwa Rais Lincoln kumwunga mkono katika kuukomesha utumwa. Siku iliyofuata, tarehe 1 Januari 1863, Lincoln alitoa tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Na baadaye katika mwezi ule aliijibu barua ya Manchester kwa shukrani. Wafanyakazi hao walijua ya kuwa wamefungwa kwa uzi mmoja na watumwa, na ijapokuwa uzi huo uliwakata mikono, hawakutaka kuutengeneza kwa kuwaacha wenzao katika minyororo.

Wenye viwanda, kwa upande wao, walitafuta pamba penginepo. Wa kwanza kugeukiwa alikuwa mkulima wa India. Pamba ya India ilikuwa na nyuzi fupi na aghalabu ilikuwa chafu, lakini mwenye kiu hachagui kata. Bei ikapanda kwa kiasi ambacho hakikupata kuonekana, na fedha zikamiminika katika mji wa Bombay, ambao siku hizi huitwa Mumbai. Matajiri wa mji, na dalali Premchand Roychand akiwa mashuhuri miongoni mwao, wakaanzisha makampuni kwa haraka. Hisa zikauzwa na kununuliwa asubuhi na jioni. Ikafanywa hata mipango ya kuifukia bahari ili kupata viwanja. Kila mtu alifanya hesabu kana kwamba vita vya Marekani havitakwisha.

Vilikwisha Aprili 1865. Bei ya pamba ikaanguka, na katika Julai ya mwaka ule wafanyabiashara wengi wa Bombay wakafilisika. Lakini haifai tuwatazame matajiri tu. Wakulima wengi wa bara ya nyuma ya Bombay, katika nchi ya Deccan, walikuwa wamekopa fedha wakati bei ilipokuwa juu, na wakopeshaji waliwapa kwa furaha kwa sababu pamba ilikuwa kama dhahabu. Bei ilipoanguka, mikopo ilikoma, lakini deni na riba na kodi ya serikali havikuanguka. Mwaka 1875 wakulima wa Deccan walizivamia nyumba za wakopeshaji, wakatafuta hati za madeni na kuzichoma moto. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kumi nyuma, na mbali sana; moshi wake ulikuwa bado unafuka vijijini mwa India.

Unguja nayo haikusalimika. Majora ya merikani yalipungua na bei yake ikapanda, maana viwanda vya Massachusetts navyo vilikosa pamba. Tena merikebu za Marekani zilikuwa hatarini baharini. Manowari ya waasi, Alabama, iliyokuwa ikiwinda merikebu za biashara, ilifika hata bahari ya Hindi, na Februari 1864 ilitia nanga Nzuani katika visiwa vya Komoro. Wenye misafara wa Unguja hawakuweza kungoja amani ya Marekani. Wapagazi walidai ujira wao, na watemi walidai hongo. Basi nguo za Uingereza na za India zikapewa nafasi ambayo kwanza zilinyimwa. Wamarekani walirudi baada ya vita, lakini hawakukuta tena uwanja mtupu. Hata Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha kufuma kwa nguvu ya mvuke kiliundwa katika miaka ya 1850, ilijifunza kufuma nguo mfano wa merikani na kuiuza Afrika Mashariki. Nguo ikabadili nchi; jina likabaki lile lile.

Sasa tuhamie Misri, maana huko ndiko uzi wetu ulikofungwa fundo kubwa. Tangu siku za Muhammad Ali, kiasi cha miaka ya 1820, Misri ililima pamba yenye nyuzi ndefu na laini. Vita vya Marekani vilipoanza, wakulima wa bonde la Naili walihimizwa kupanda pamba zaidi, na katika miaka michache pamba iliyouzwa nje ilizidi mara tatu. Ismail alishika utawala Januari 1863, wakati utajiri huo ulipokuwa ukipanda. Alikuwa mtu mwenye haraka ya kuijenga nchi yake. Alitia reli, mifereji, madaraja, shule na majumba; na mwaka 1869 Mfereji wa Suez, ambao ulianza kuchimbwa kabla yake, ulifunguliwa kwa fahari kubwa. Kwa kazi hizo alikopa Ulaya, na wakopeshaji wa London na Paris walimwamini kwa kuwa waliiona pamba.

Lakini pamba ilishuka bei baada ya 1865, na deni likaendelea kupanda. Mwaka 1875 Ismail aliiuzia serikali ya Uingereza hisa za Misri katika Mfereji wa Suez kwa kiasi cha pauni milioni nne, na hata hizo hazikutosha. Mwaka 1876, deni likiwa kama pauni milioni 90, hazina ya Misri ilishindwa kulipa. Mataifa ya Ulaya yakaweka watu wao kusimamia mapato ya nchi, na mwaka 1879 Ismail akaondolewa. Mzigo wa kulipa ulimwangukia mkulima wa Misri, kwa njia ya kodi. Maafisa wa jeshi wakiongozwa na Ahmad Urabi walisimama kupinga utawala wa wageni. Manowari za Uingereza zikaupiga mizinga mji wa Iskanderia Julai 1882, na Septemba jeshi la Urabi likashindwa huko Tel el-Kebir. Waingereza waliokuja kulinda madeni na mfereji walikaa Misri miaka mingi.

Aliyeshika Misri hana budi kuufikiri mto Naili, maana bila ya Naili hapana Misri. Watawala wa London wakaanza kuogopa kwamba taifa jingine la Ulaya likiishika nchi ya chemchemi za mto ule, litaweza kuidhuru Misri. Hivyo macho yao yakageukia Ziwa Victoria, ambako Naili hutoka karibu na mahali palipo mji wa Jinja. Mwaka 1890 walipatana na Wajerumani kwamba Uganda iwe katika sehemu yao. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka 1895 ikafuata nchi ambayo leo ni Kenya. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India, na kadiri ya 2,500 miongoni mwao walipoteza maisha. Mwaka 1899 reli ilifika katika uwanda wenye maji baridi ambapo Nairobi ilikuja kusimama, na Desemba 1901 ikafika ufuko wa ziwa, mahali tunapopaita Kisumu.

Je, tuseme kwamba mizinga ya Charleston ndiyo iliyojenga reli ya Kisumu? Mwanafunzi mwangalifu atakataa kusema hivyo, naye atakuwa na haki. Kinachofuata jambo si lazima kiwe kimeletwa na jambo hilo. Misri ilianza kukopa Ulaya mwaka 1862, chini ya Said Pasha, kabla ya Ismail kutawala. Ismail angeweza kukopa kidogo, na wakopeshaji wangeweza kuwa na kiasi. Tena Waingereza hawakuja Afrika Mashariki kwa ajili ya Naili peke yake. Kulikuwa na mashindano yao na Wajerumani. Kulikuwa na wamisionari waliokwisha kuingia Buganda. Kulikuwa na wafanyabiashara wenye tamaa ya pembe. Na kulikuwa na watu waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Mto mkubwa hufanywa na vijito vingi. Lakini ukiacha kijito cha pamba, hutaweza kueleza kwa nini mto huo ulijaa wakati ule na kuelekea upande ule.

Hadithi haikukomea kwenye ufuko wa ziwa. Wenye viwanda vya Lancashire hawakusahau jinsi walivyotaabika kwa kutegemea nchi moja. Mwaka 1902, wakati bei ya pamba ya Marekani ilipowatia wasiwasi tena, wakaunda chama cha kustawisha kilimo cha pamba katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza. Mwaka 1903 Kenneth Borup, wa Church Missionary Society, alileta mbegu za pamba Uganda. Zikastawi. Marobota ya pamba ya Uganda yalivuka ziwa kwa meli, yakapakiwa katika magari ya moshi Kisumu, yakateremka Mombasa na kusafirishwa ng'ambo. Basi reli iliyokuja kwa sababu zilizochanganyika na pamba ya Misri ikawa njia ya pamba nyingine. Na mkulima wa Busoga akakaa mahali pale pale alipokuwa amekaa mkulima wa Deccan. Biashara ya dunia ilipoporomoka kuanzia mwaka 1929, bei ya pamba yake ilianguka naye, ijapokuwa mvua ilinyesha kwake na jembe lake halikulala.

Tumejifunza nini? Kwanza, athari za mambo hazisafiri kwa mwendo mmoja. Njaa ya Lancashire ilichukua mwaka mmoja kufika; hasira ya Deccan ilichukua kumi; na mabadiliko ya Misri yalihitaji zaidi ya ishirini kabla ya kuigusa Uganda. Mtu anayetazama leo na jana tu atadhani kila jambo limezuka lenyewe.

Pili, mzigo haugawanywi sawasawa. Katika kila nchi tuliyopita, wako waliopata mali wakati bei ilipopanda, na wako waliobaki na deni ilipoanguka. Nao aghalabu hawakuwa watu wale wale. Mwenye ghala huweza kungoja. Mwenye jembe na mwenye mikono mitupu hawawezi.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, mnyororo huu haukutengenezwa kwa chuma. Ulitengenezwa kwa maamuzi ya watu. Wenye mashamba wa kusini waliamua kuushikilia utumwa. Wakopeshaji waliamua kukopesha kupita kiasi. Wafanyakazi wa Manchester, tumbo likiwa tupu, waliamua kumwandikia Lincoln. Kila mmoja wao alikuwa na nafasi ndogo tu, naye hakuuona mwisho wa uzi alioushika; lakini namna alivyoushika ilikuwa na maana kwa watu asiowajua.

Vijana wa Kenya hawako nje ya jambo hili. Majani ya chai ya Kericho na maua ya Naivasha huondoka nchini kila siku kwenda kwa watu ambao wachumaji wake hawatawaona kamwe, na simu na nguo zetu hutoka katika mikono ya watu tusiowajua. Ukikuta bei imepanda sokoni, au kazi imepungua kiwandani, usiridhike kumlaumu aliye karibu nawe. Uliza uzi huo umetoka wapi, umepita kwa nani, na nani anayebeba uzito wake. Na ukifika siku ya kuwa mwenye ghala, au mwenye kalamu ya kutia sahihi mkopo, wakumbuke wale walio upande wa pili wa uzi.